Kuhamisha gia kutoka kwenye usukani kwenda chini: maswali tunayoulizwa mara kwa mara gereji

Maswali haya huletwa na wenye Peugeot 404 na 504 walizoachiwa na wazee, wenye Land Cruiser FJ40 za spidi tatu, na wenye saluni za Kijapani za zamani ambazo mkono wa gia umechomoza ubavuni mwa usukani. Tuko Moshi, ila wanaotuuliza wengi wanatoka Arusha, na magari yao yana shida zilezile.

Gia zangu za usukani zinashikana kila mara. Si nihamishie chini tu yaishe?

Subiri kwanza. Wengi wanaofika hapa wakitaka gia ya chini wanaondoka na ileile ya usukani, na wanaondoka wameridhika. Ugonjwa mara nyingi hauko kwenye giaboksi wala hautokani na mahali mkono ulipo. Uko kwenye vibushi.

Angalia inavyofanya kazi. Mkono wa gia unazungusha bomba jembamba linaloshuka sambamba na nguzo ya usukani. Kule chini, ndani ya boneti, bomba hilo lina vikono viwili. Kwenye giaboksi ya spidi tatu, kimoja kinahudumia gia ya kwanza na rivasi, kingine gia ya pili na ya tatu. Kutoka kila kikono kuna rodi inayokwenda hadi ubavuni mwa giaboksi. Unapovuta mkono kuelekea kwako unachagua kikono kimoja, ukiusukuma mbele unachagua kingine. Kila maungio pana kibushi cha nailoni au mpira. Vibushi vikiliwa, hata milimita chache tu, unakuta kikono cha kwanza hakijarudi sawasawa katikati na wewe tayari umeshakamata cha pili. Hapo gia mbili zinataka kuingia kwa pamoja na mkono unakuwa mgumu kama umechomelewa.

Kwa hiyo swali letu la kwanza kwako ni hili: lini vibushi hivyo vilibadilishwa? Kama hujui, basi havijabadilishwa.

Zikishikana njiani nifanyeje?

Usilazimishe mkono, utaupinda au utakata pini. Egesha, zima injini, weka hendibreki na jiwe kwenye tairi, kisha fungua boneti. Fuata nguzo ya usukani kwa macho hadi chini. Utaviona vikono viwili, kimoja juu ya kingine, kila kimoja na rodi yake. Kimoja kitakuwa kimeelekea juu au chini kuliko mwenzake. Kishike kwa mkono, au kwa bisibisi ndefu kama kuna joto, ukivute mpaka vikono vyote viwili vilingane. Utasikia "tok". Rudi ndani, mkono utacheza huru kwenye frii. Kazi ya dakika moja, na madereva wa zamani wa barabara ya Arusha hadi Moshi walikuwa wakiifanya bila hata kuvua kofia.

Ukijikuta unaifanya kila wiki, lete gari.

Vibushi vyenyewe vinapatikana?

Vya gari lenyewe ni vya kubahatisha. Mara nyingi tunapima pini na tundu, tunampelekea fundi wa kukereza, anatoa kibushi kwenye fimbo ya nailoni nyeupe. Kikikerezwa vizuri kinakaa miaka. Tusichokubali ni kibushi cha kipande cha tairi au cha kandambili. Kinafaa kukufikisha nyumbani, lakini kina ulaini mwingi mno. Rodi inacheza na tunarudi palepale.

Baada ya vibushi lazima rodi zipimwe upya. Weka giaboksi kwenye frii, linganisha vikono viwili kule juu, kisha rekebisha nati za rodi mpaka ziingie zenyewe bila kusukumwa. Kwenye magari mengi vikono vina tundu la kupitisha pini nyembamba ili visimame sawa wakati wa kupima. Fundi asiyeweka pini hapo anakisia tu.

Kwa nini walizipeleka gia kwenye usukani tangu mwanzo?

Nafasi. Cadillac walizileta kwenye magari yao ya 1938, na muda si mrefu karibu Marekani nzima ikafuata, kwa sababu sakafu ikiwa tupu kiti cha mbele kinabeba watu watatu. Hilo kwa gari la familia lilikuwa jambo kubwa. Wala usidhani ni mfumo wa kinyonge: Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na Peugeot 404, gari ambalo kiwanda kililitoa na gia za usukani.

Nimesharekebisha vyote hivyo na bado nataka gia ya chini. Kuna njia gani?

Mbili.

Ya kwanza ni kubakiza giaboksi yako na kuitengenezea mkono mpya sakafuni wenye rodi zinazoshika vile vikono vya ubavuni. Inasikika rahisi, na kweli spea zake si nyingi. Lakini mkono wa namna hiyo una kazi mbili, kuchagua na kuingiza, na ndani yake lazima pawe na kizuizi kisichoruhusu gia mbili ziguswe pamoja. Ukichomelewa tu vyuma viwili na pini, umehamisha ugonjwa kutoka kwenye usukani kuja chini ya kiti.

Ya pili ni kutafuta giaboksi ya ndugu yake, yaani gari la familia hiyohiyo lililotoka kiwandani na gia ya chini, na kuchukua kila kitu chake: giaboksi, belihausi (nyumba ya klachi), klachi, mkono, mpira wa kufunika, maunti (vishikio vya injini na giaboksi), hata boliti. Hii ndiyo tunayoipendekeza karibu kila mara. Gharama ya mwanzo ni kubwa zaidi, lakini vyuma vilishapimwa na waliovitengeneza, na siku ukiharibikiwa Babati au Same fundi wa kule ataelewa anachokiona. Vyuma vya kubuni anavielewa aliyevibuni peke yake.

Nina FJ40 ya spidi tatu. Inafaa?

Hii ndiyo gari ambayo kazi hii ina maana kuliko zote, kwa sababu hupati mkono wa chini tu, unapata na gia ya nne. Tafuta giaboksi ya H41 au H42 kutoka FJ40 za baadaye. Gia ya kwanza ya ile ya spidi tatu ina uwiano wa karibu 2.76, ndiyo maana ukipanda Kibosho umebeba ndizi unasaga klachi. H42 ina karibu 3.56, na H41 inafika karibu 4.93, hiyo inapanda ukuta. Kwa gari la mjini na lami chukua H42. Kwa shamba na porini chukua H41, ila ujue gia ya kwanza utakuwa huitumii kwenye tambarare.

Nunua giaboksi na transfa yake (ile inayogawa nguvu mbele na nyuma) zikiwa bado zimefungwa pamoja, pamoja na belihausi. Anayekuuzia giaboksi tupu na kukuambia "transfa yako itaingia" mwachie mzigo wake. Ukishafunga, pima propela zote mbili (shafti zinazopeleka nguvu kwenye difu) upya kabla ya kuzifunga; urefu huenda usilingane na wa zamani, na propela iliyobanwa au inayofika mwisho wa meno yake itaua beringi. Kukata na kuunga propela kunafanywa na fundi wa kukereza mwenye mashine ya kuisawazisha. Usikubali iungwe kwa macho.

Na Peugeot 504?

504 ilitoka 1968 na gia za usukani. Ile ya milango miwili ikaja na mkono wa chini, na baadaye saluni nazo zikashushiwa. Kwa hiyo vyuma halisi vipo. Hizi gari ziliunganishwa Kenya kwa miaka mingi, na ukivuka Namanga hadi Nairobi, kwenye maduka ya Barabara ya Kirinyaga, bado una nafasi nzuri ya kukutana na giaboksi kuliko ukizunguka hapa.

Jambo moja la 404 na 504 ambalo fundi aliyezoea Toyota hulisahau: kwenye saluni propela imo ndani ya bomba gumu linalounganisha giaboksi na difu. Hakuna kukata wala kurefusha kwa kubahatisha. Giaboksi ya urefu tofauti haiingii, basi. Ndiyo maana tunasema ya 504 kwa 504, na aliyekuambia atakuwekea ya Hilux muulize atalifanyaje lile bomba, halafu msikilize kwa makini.

Nina Hiace ya zamani ya abiria. Mnaweza?

Hapana. Injini iko chini ya viti vya mbele, mahali mkono ungetokea pamejaa injini. Badilisha vibushi na urekebishe rodi au nyaya zake, itakwenda vizuri tu.

Gari langu ni otomatiki lenye mkono wa usukani. Ni rahisi zaidi?

Ni rahisi zaidi, ndiyo, kwa sababu giaboksi haibadilishwi. Kuna kikono kimoja tu cha kuzungusha, na mkono wa chini unakivuta kwa waya. Ila mambo mawili hayana mchezo.

La kwanza ni kupima waya. Kila nafasi kwenye giaboksi ina kituo chake, unakisikia kwa kidole ukizungusha kikono kwa mkono. Alama ya D pale juu lazima ianguke juu ya kituo cha D kule chini, siyo karibu yake. Ikikaa katikati, oili haipiti kwa shinikizo kamili, na giaboksi inajiunguza polepole huku wewe ukidhani imezeeka.

La pili ni swichi inayozuia gari kuwaka likiwa kwenye gia. Kwenye baadhi ya magari iko ubavuni mwa giaboksi, hapo hakuna shida. Kwenye mengine iko kwenye nguzo ya usukani, na ukiondoa mkono inabaki bila wa kuiamuru. Usikubali fundi wa umeme aziunganishe nyaya zake moja kwa moja "ili liwake". Mtoto atageuza ufunguo siku moja gari likiwa kwenye D.

Nakagua vipi giaboksi ya mtumba?

Nenda na kipande cha kitambaa cheupe na subira. Mwombe muuzaji afungue boliti ya kumwagia oili. Unga mweusi laini kwenye sumaku ni wa kawaida. Chembe zinazong'aa au kipande cha jino, ondoka. Paka oili kwenye kitambaa: rangi ya dhahabu iliyotapakaa ina maana sinkronaiza, zile pete zinazolainisha gia kuingia, zimeliwa. Kisha ingiza gia moja moja kwa mkono huku mwenzako anazungusha shafti ya mbele, usikilize. Shika ile shafti uitikise juu na chini. Mchezo kidogo upo, ila ikigonga, beringi imekwisha. Hesabu meno ya shafti na uyalinganishe na klachi yako kabla hujatoa pesa. Na uulize ilitoka kwenye gari la injini gani, maana belihausi ya dizeli haikai kwenye ya petroli kwa maombi.

Chukua pia kile kigia kidogo cha waya wa spidimita. Kikiwa na meno tofauti na ya kwako, spidimita itadanganya, na askari wa tochi pale Boma Ng'ombe hatajali ni kosa la kigia.

Tundu la sakafuni linakatwaje?

Hapa ndipo kazi nzuri inapoharibikia, kwa hiyo tutachukua muda.

Kwanza giaboksi ifungwe mahali pake kabisa, maunti zimekazwa, ndipo upime mkono unatokea wapi. Anayekata sakafu kabla ya hapo anakata mara mbili. Toa viti, toa kapeti na lile zulia la chini lenye lami, halafu lala chini ya gari uangalie nini kinapita: bomba la breki, bomba la mafuta, nyaya za nyuma. Vyote vifungwe pembeni. Betri itolewe waya kabla ya mashine ya kuchomelea kuguswa, na altaneta pia.

Anza na tundu dogo kuliko unavyodhani unahitaji. Toboa pembe nne kwa drili ili ziwe na mviringo, kisha unganisha kwa mkasi wa bati au grainda yenye jiwe jembamba. Pembe kali hupasuka baada ya miezi kadhaa kwa mtikisiko. Usiguse chesisi wala ile baa ya kukingama inayobeba giaboksi. Ikilazimu isogezwe, isogezwe na kufungwa kwa boliti, isikatwe nusu.

Sasa washa gari, weka gia, achia klachi nusu huku breki imekamatwa. Angalia mkono unavyoyumba. Injini inakaa kwenye mipira, inainama kila ikivuta, na mkono unainama nayo. Lazima ubaki na nafasi kila upande hata injini ikiwa imeinama kabisa, gia zote zikijaribiwa. Ukiridhika, safisha kingo kwa msasa mpaka chuma king'ae, piga rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke, ndipo uzungushie silikoni.

Mpira wa kufunika uwe wa tabaka mbili. Ule wa chini, mzito, unabanwa na fremu ya bati na skrubu. Huo ndio unaozuia vumbi la njia za shamba na matope ya masika. Wa juu ni wa ngozi, huo ni wa urembo, chagua rangi uipendayo. Wateja wengi wanalipia wa juu na kusahau wa chini, halafu wanalalamika kwamba gari linanuka oili na kapeti imelowa.

Kiti changu cha mbele ni benchi. Kitabaki?

Inategemea mkono unatokea wapi. Gia ya pili na ya nne zinakuja nyuma, na hapo ndipo ngumi yako inakutana na kiti au na goti la abiria wa katikati. Tukiweza kuukunja mkono uelekee mbele, benchi inabaki. Tusipoweza, viti viwili vya saluni ya Kijapani vinaingia kwa kutengenezewa miguu. Miguu hiyo ifungwe kwa boliti kupitia sakafu na bamba nene upande wa chini, kwa sababu siku ya ajali kiti ndicho kinachokushika.

Mkono wa zamani kwenye usukani mnaukata?

Tunautoa, hatukati nguzo. Lile bomba la gia kwenye baadhi ya magari ndilo linaloshikilia beringi ya chini ya usukani. Ukiling'oa, usukani unaanza kucheza. Tunaliacha, tunalikaza lisigonge, tunaweka kofia kwenye tundu. Kwenye magari ya Kimarekani angalia pia kufuli ya ufunguo: baadhi hazikubali ufunguo utoke mpaka mkono uwe kwenye P au rivasi. Hapo bomba lifungwe katika nafasi hiyo.

Nimeona kifurushi cha Hurst mtandaoni. Niagize?

Hurst ni watu wa siku nyingi kwenye mikono ya gia na bidhaa zao ni nzuri, kwa magari ya Kimarekani. Kumbuka tu kwamba kule dereva anakaa kushoto. Mkono uliopindwa umfuate dereva wa kushoto, kwako utamfuata abiria. Ukiwa na Chevrolet ya usukani wa kulia, uliza kama mkono ulionyooka unapatikana, kisha uukunjie hapa.

Trafiki au TRA watanisumbua?

Kadi ya gari haizungumzii mkono wa gia. Inazungumzia namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, idadi ya viti na mengine ya namna hiyo. Kwa hiyo ukibadilisha gia peke yake hakuna cha kubadilisha kwenye kadi. Ukiingiza giaboksi pamoja na injini yake, namba ya injini imebadilika na lazima TRA wajue. Ukitoa benchi ya watu watatu ukaweka viti viwili, idadi ya abiria hailingani tena. Na mwenye bima umwambie mapema, kabla hujawa na la kudai.

Kazi imekwisha, lakini nikishuka mlima gia inaruka.

Tunajaribu kila gari kwa kupanda hadi Kibosho na kushuka nalo gia ya pili bila kukanyaga mafuta, kwa sababu tambarare huficha ugonjwa huu. Ikiruka, kabla hujamlaumu muuza giaboksi, vua mpira wa juu uangalie kingo za tundu. Ukiona rangi imekwanguka sehemu moja, mkono unagusa bati na bati linausukuma utoke. Panua upande huo. Kama hakuna alama, angalia mpira wa chini haujavutika mno, kisha maunti za injini zilizolegea. Hayo yote yakiwa sawa, ndipo giaboksi ifunguliwe.

Ikiwa hairuki ila inakwaruza kuingia, angalia klachi kwanza, kisha oili. Giaboksi za zamani zenye sinkronaiza za shaba ya njano zinataka oili ya daraja la GL-4. Baadhi ya GL-5 zina dawa inayokula madini hayo.

Bei gani?

Hatuitaji kwa simu, maana giaboksi ndiyo inayobeba bei na kila moja ina mwenye nayo. Tunachokushauri, kwetu au kwa mwingine: patana kwa kazi, siyo kwa siku, nunua spea mwenyewe au uwepo zikinunuliwa, na mpatane kabisa nani analipia kukereza na nani analipia propela. Ugomvi mwingi wa gereji unaanzia kwenye hayo mawili ya mwisho.

Je, baadaye naweza kuirudisha ilivyokuwa?

Ndiyo, kama hukukata nguzo. Bomba, rodi, vikono, ule mkono wenye kinundu chake, vyote weka kwenye kiroba, pakaa grisi, andika jina la gari juu yake na uondoke nacho nyumbani. Usituachie gereji, chuma kilicholala hapa wiki mbili huwa kimeshapata kazi nyingine.